Gari inawaka halafu inazima: kabla hujanunua pampu ya mafuta, sema kwanza imezima LINI

Relei_Nyeusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Swali la "gari inawaka halafu inazima" mtaani lina majibu matatu tu: badili pampu, badili plagi, kontroli boksi (kompyuta ya injini) imekufa. Yote yanaweza kuwa kweli, na yote yanaweza kumaliza hela ya mtu gari ikabaki vile vile. Neno "inazima" halimpi fundi chochote. Anachohitaji ni mambo matatu: imezima baada ya muda gani, imezima ghafla kama taa au imefifia kwanza, na wakati huo dereva alikuwa anafanya nini.

Natumia injini ya Toyota 1NZ-FE kama mfano maana ndiyo imejaa barabarani: IST, Probox, Raum, Runx, Allex, Premio na Allion za 1.5. Mantiki ni ile ile kwa petroli nyingine za EFI (zinazopulizia mafuta kwa nozo chini ya kompyuta), vipimo ndivyo vinavyotofautiana.

Inashika ukiwa umebana ufunguo kwenye stata, ukiuachia inakufa pale pale. Usiguse nozo wala pampu. Ufunguo ukiwa kwenye stata umeme unapita njia yake, ukirudi ON unapita nyingine, na hiyo ya pili ndiyo imekatika. Weka mita kwenye fyuzi ya IGN (umeme wa ufunguo) na ethi, piga stata, achia. Volti 12 zinatakiwa zibaki. Zikipotea, au zikicheza ukitikisa ufunguo, mgonjwa ni switchi ya umeme iliyo nyuma ya silinda ya ufunguo. Silinda yenyewe haina kosa, na switchi huuzwa peke yake.

Gari za kabureta na pointi zina ugonjwa wa sura hiyo hiyo wenye chanzo kingine: rizista ya koili. Stata ikizunguka koili inapewa umeme wa betri moja kwa moja, ufunguo ukirudi ON umeme unapitia kwenye rizista. Ikiungua, gari inawaka na kufa kila ukiachia ufunguo. Kuna wanaoiruka kwa kipande cha waya. Gari itatembea, lakini koili itachemka na pointi zitaliwa.

Inawaka sekunde moja mpaka tatu, inazima, kila mara muda ule ule. Kwanza angalia taa ya ufunguo kwenye dashibodi. Imobilaiza (kinga ya wizi inayotambua ufunguo) ikiukataa ufunguo, VW na Audi nyingi hufanya hivyo hasa: zinawaka sekunde moja au mbili, zinakatwa. Toyota yenye imobilaiza huweka kodi (namba ya kosa kwenye kompyuta) B2799. Pili, bomba la hewa kati ya ea klina na throto (mlango wa hewa wa injini). Likirudishwa vibaya baada ya kubadili filta, hewa inaingia bila kupita kwenye sensa ya hewa, kompyuta inatoa mafuta kidogo, injini inakufa. Hili linatokea sana, na dawa yake ni bisibisi. Tatu, presha ya mafuta: gari inawaka kwa mabaki yaliyokuwa kwenye reli ya nozo, yakiisha imekwisha.

Presha ya 1NZ ni kPa 304 hadi 343, yaani psi 44 hadi 50. Injini ikizimwa inatakiwa ibaki angalau kPa 147, kama psi 21, kwa dakika 5. Ikiporomoka upesi, kuna nozo inayovuja au vali ya kurudisha ndani ya pampu haishiki. Hiyo husababisha kuchelewa kuwaka asubuhi zaidi kuliko kuzima.

Onyo kuhusu pampu. Toyota nyingi za rika hili haziungurumishi pampu ukiweka ufunguo ON tu. Pampu inapewa umeme stata ikizunguka, kisha kompyuta inaishikilia kwa relei ya C/OPN (relei ya pampu) ilimradi inaona ishara ya krenki sensa (inayosoma krenki ikizunguka). Kwa hiyo kutega sikio kwenye tangi ufunguo ukiwa ON, halafu kutangaza kwamba pampu imekufa, ni hukumu bila ushahidi.

Sailensa (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta), joto na mengine naendelea baadaye. Wenye vipimo karibuni.

Tracker_Noma

Mkuu, kwenye sekunde moja mpaka tatu ongeza kitu ambacho hakimo kwenye kitabu chochote cha Toyota: trakari (kifaa cha kufuatilia gari ilipo) na alamu za kufungwa mtaani. Gari nyingi za mkopo zina trakari yenye relei ya kukata pampu au umeme wa IGN. Relei inawekwa chini ya dashibodi, waya wa pampu unakatwa, unaunganishwa kwa kusokota na selotepu. Baada ya mwaka mmoja au miwili kontakti za ndani zimeungua. Gari inawaka, relei inapata joto, inakata. Ukipiga ngumi dashibodi inarudi.

Kupima: fuata waya wa pampu toka kwenye relei yake hadi chini ya siti ya nyuma. Popote utakapokuta kiungo ambacho si cha kiwandani, pima volti kabla na baada yake pampu ikiwa inafanya kazi. Tofauti ikizidi nusu volti, kiungo hicho kinakula umeme. Pampu ikibaki na volti 9 itazunguka, utaisikia, na presha haitatosha.

Usiitoe trakari ya mwenye mkopo bila kumwambia, hilo ni kesi nyingine.

Wa_Thika_Road

Huku Kenya ongeza spidi gavana (kidhibiti mwendo). Matatu zimefungwa gavana tangu sheria za 2004, na zile za umeme zinakata mafuta au zinachezea ishara ya throto. Gavana yenye waya mbovu inazimisha gari hata ikiwa imesimama steji. Mekanika akiona nganya (matatu) inazima ovyo, aanze hapo kabla hajafungua tangi.

Sailensa_700

Naendelea pale Relei_Nyeusi ameishia: gari inayowaka vizuri na kutembea vizuri, ila ikifika kwenye taa za barabarani au ukiachia mafuta inashuka na kufa.

1NZ ikiwa imepata moto inatakiwa ikae kwenye mizunguko 650 hadi 750 kwa dakika, bila AC, gia ikiwa N au P. Ikishuka chini ya 500 ipo njiani kufa. Sababu ya kwanza kwa wingi ni masizi kwenye throto. Kompyuta hujifunza kidogo kidogo: masizi yakiongezeka, inafungua throto zaidi kufidia. Mtu hajui kitu. Siku betri inatolewa, kumbukumbu inafutika, throto inarudi kwenye kipimo cha kiwandani, lakini njia ya hewa imezibwa na masizi. Gari inawaka inazima, na lawama anabebeshwa fundi betri.

Usafi wenyewe: ufunguo OFF, toa bomba la hewa, tumia dawa ya kusafishia throto na mswaki laini. Safisha ukingo wa kile kisahani na ukuta pale kinapogusa, mbele na nyuma. Usimimine dawa kwenye upande wenye soketi. Throto za umeme usizisukume kwa kidole ufunguo ukiwa ON. Zile za kebo zina vali ndogo ya sailensa pembeni, nayo ifunguliwe isafishwe, kwa sababu ikinata throto safi haitasaidia.

Baada ya hapo sailensa inaweza kupanda hadi 1,200. Usishtuke wala usiguse skrubu ya kisahani. Iache injini ishike moto bila mzigo wowote kwa dakika 10, kisha iweke AC, kisha D huku umekanyaga breki. Itajifunza upya.

Mama_Probox

Habari zenu. Nina swali la vipimo. Probox, 1NZ, throto imeshasafishwa, plagi mpya, bado inazima kwenye foleni, taa ya cheki injini imewaka na kodi ni P0171 (mafuta kidogo kuliko hewa). Nimesoma kwa kifaa cha ELM327 (kinachosoma kompyuta ya gari; fidia ni asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza):

Sailensa: fidia ya muda mfupi +9, ya muda mrefu +18. MAF (sensa ya hewa) gramu 1.6 kwa sekunde.
Mizunguko 2,500: fidia zote mbili kwa pamoja +4.

Nimeambiwa ninunue sensa ya hewa. Ninunue?

Sailensa_700

Dada, usinunue. Umeleta kitu ambacho wengi hawaleti, na jibu limo ndani yake.

Kwenye sailensa kompyuta inaongeza mafuta kwa asilimia 27, kwenye 2,500 inaongeza 4 tu. Hiyo ni hewa ya wizi, inayoingia bila kupita kwenye sensa. Tundu ni lile lile, ila kwenye sailensa injini inavuta hewa kidogo kwa hiyo ya wizi ni sehemu kubwa. Ukikanyaga, ile halali inaimeza. Tatizo lingekuwa pampu au filta, namba zingeenda kinyume: nzuri kwenye sailensa, mbaya ukipanda mlima. MAF chafu kwa kawaida inadanganya kila mahali, na inazidi kadiri unavyokanyaga.

Tafuta kwa mpangilio huu: mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa injini) toka kwenye kava ya tapeti hadi manifodi (upinde kwa chini, ndipo unapopasuka), hosi ya busta ya breki, mipira midogo ya vakyumu, oringi za nozo, mwisho gasketi ya manifodi. Injini ikiwa sailensa, puliza dawa ya kabureta mfyatuo mfupi mfupi sehemu moja moja huku ukitazama ile fidia ya muda mfupi. Ikishuka ghafla kwenda hasi, au mlio ukibadilika, umefika. Fanya injini isiwe imechemka sana, mbali na ekzosi, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Dawa hiyo ni petroli kwa jina jingine.

Kontroli_Boksi

Kabla hamjaisahau MAF, kuna jaribio la bure: chomoa soketi yake gari ikiwa imezimwa, kisha washa. Kompyuta inahamia kwenye makadirio ya throto na mizunguko. Kama ilikuwa inazima na sasa haizimi, MAF inadanganya. Kama hakuna badiliko, irudishe ulivyoikuta. Kodi ya P0100 au P0102 itaingia, ifute.

Jaribio hili ni la injini zenye MAF. Injini za zamani kama 5A-FE zinatumia sensa ya vakyumu ya manifodi. Ukiichomoa hiyo unaweza kuizimisha gari nzima halafu ukadhani umegundua kitu.

Na MAF isafishwe kwa dawa yake, isiguswe kwa kitambaa wala pamba. Waya wa ndani ni mwembamba kama unywele.

Pwani_Ethi

Ndugu zangu, sisi wa Mombasa, Tanga na Unguja tuna adui mwingine: chumvi. Waya wa ethi kati ya betri na bodi, na ule wa injini na bodi, unaliwa kwa ndani huku juu unang'aa. Gari itawaka, ukiwasha taa, feni na AC, inazima. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bloku ya injini, mizigo yote ikiwa imewashwa. Isizidi volti 0.2. Ikizidi, fungua, piga msasa hadi chuma cheupe, funga, paka grisi.

Oltaneta nayo: volti 13.5 hadi 14.8 injini ikiwaka.

Kijana_wa_Gereji

Oltaneta mbona ni rahisi, unachomoa terminali ya betri gari ikiwa inawaka. Ikizima, oltaneta imekufa.

Pwani_Ethi

Kijana, acha kabisa. Betri ndiyo inayomeza mshtuko wa umeme. Ukiitoa oltaneta ikiwa inachaji, volti zinaruka juu kwa ghafla, na gari iliyokuwa na oltaneta mbovu inaondoka na kontroli boksi mbovu. Mita ya bei ya chini kabisa inatosha kupima hilo.

Relei_Nyeusi

Asante Pwani_Ethi. Sasa joto: gari inakwenda dakika 20 au 30, inazima, inasubiri, inawaka tena. Wanaofanana hapa ni watatu.

Krenki sensa. Inazima ghafla, haitetemeki, haikohoi. Tazama mshale wa mizunguko gari ikiwa bado inaserereka: ukianguka sifuri papo hapo wakati matairi bado yanazungusha injini, ishara ya krenki imepotea. Gari ikikataa kuwaka, piga stata huku unasoma mashine. Zinatakiwa zionekane mizunguko kama 200 hadi 300. Ukiona 0, hakuna ishara, na bila ishara hakuna pampu wala moto wa plagi. Kwenye 1NZ sensa hiyo ipo chini karibu na puli ya krenki. Ukinzani wake ni ohm 985 hadi 1,600 ikiwa baridi, 1,265 hadi 1,890 ikiwa ya moto. Ipime ikiwa imezima kwa joto, maana ikipoa inasema uongo. Kodi ni P0335, lakini si mara zote inaingia.

Pampu. Hii inafifia kwanza: gari inakosa nguvu, inashtuka shtuka, kisha inakufa. Ikiwa imekufa, mtu apige stata huku mwingine anapiga kitako cha tangi kwa kiganja. Ikiamka, umemjua. Pampu imezama ndani ya tangi na inapozwa na petroli yenyewe, kwa hiyo anayetembelea taa ya mafuta kila siku anaipika.

Mfuniko wa tangi. Kitundu chake cha kupumulia kikiziba, tangi linavuta utupu hadi pampu inashindwa. Fungua mfuniko pale inapozima. Ukisikia mvumo mrefu wa hewa kuingia na gari ikawaka, tembea siku moja mfuniko ukiwa umelegezwa, uone.

Honda za miaka ya 1990 nazo zina relei kuu ambayo solda yake inapasuka. Jua likichoma ndani ya gari inaachia. Ni kuichoma upya solda tu.

Mafuta_Safi

Kama imeanza mara tu baada ya kujaza mafuta, kuna mambo mawili tofauti na watu wanayachanganya.

La kwanza ni mafuta yenyewe. Toa nusu lita toka kwenye hosi ya reli, weka kwenye chupa nyeupe, iache dakika 15. Maji yatakaa chini na mstari utauona. Mafuta ya taa hayajitengi, ila paka tone kwenye karatasi: petroli inakauka upesi, mafuta ya taa yanaacha doa la mafuta. Tunza risiti. EWURA (mamlaka ya nishati na maji Tanzania) wanapima vinasaba (alama ya kemikali inayowekwa kwenye mafuta), na malalamiko bila risiti hayaendi mbali.

La pili ni vali ya kuvuta mvuke wa tangi. Ikikwama wazi, kila ukijaza tangi mvuke mzito unaingia kwenye manifodi, gari inawaka inazima kwa dakika chache, kisha inatulia. Injini ikiwa sailensa na bado ya baridi, chomoa hosi inayotoka upande wa tangi, ziba tundu la vali kwa kidole. Kukiwa na mvuto, vali imekwama.

Kontroli_Boksi

Inayozima asubuhi tu, ikishapata moto haina shida: soma sensa ya joto la maji kabla ya kuwasha. Gari iliyolala usiku kucha lazima joto la maji na joto la hewa yanayosomwa na mashine yakaribiane. Hewa 24, maji 70, sensa inadanganya, na kompyuta inainyima injini mafuta ya baridi. Ukinzani: kilo-ohm 2.32 hadi 2.59 kwenye nyuzi 20, na 0.310 hadi 0.326 kwenye nyuzi 80.

Inayozima ukikanyaga breki: hosi au busta yenyewe inavuja. Bana hosi, jaribu gari ikiwa imesimama, usiendeshe.

Inayozima gia otomatiki ikikaribia kusimama, kwa mtikisiko kama wa gari ya manyuo iliyosahauliwa klachi: kifungio cha ndani ya tokikonveta (inayounganisha injini na gia otomatiki) hakiachii. Hapo muone fundi gia, injini haina kosa.

Na VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadili muda wa kemu): oili ikichelewa kubadilishwa tope linanasa vali ya oili ya kemu. Kemu inabaki imetangulia, sailensa inatetemeka, gari inazima. Kodi P0011 mara nyingi. Ukinzani wa vali ni ohm 6.9 hadi 7.9. Ukiipa volti 12 moja kwa moja injini ikiwa sailensa, nzima inatakiwa iitetemeshe au iizimishe. Isipobadilika kitu, ama vali imenata ama kichujio chake kidogo kwenye hedi kimeziba.

Dizeli_Tu

Mmetusahau. Injini za dizeli za Toyota 1HZ, 3L na 5L: inawaka, inakwenda nusu dakika, inazima. Kwa kawaida ni hewa au solenoidi ya kuzimia. Solenoidi ipo juu ya pampu na ina waya mmoja; ipe volti 12 toka betri moja kwa moja. Isipozima tena, tatizo lipo kwenye waya wake. Kwa hewa, weka kipande cha mpira unaopitisha mwanga kati ya filta na pampu, tazama mapovu. Kisha lisha pampu toka kwenye galoni la dizeli safi lililowekwa juu ya injini. Ikitulia, pampu ni nzima. Rudi nyuma kwenye filta, pampu ya mkono na paipu za tangi.

1KD ya Hilux na Prado inayozima kwenye sailensa: filta kwanza, halafu vali ya SCV (inayodhibiti mafuta ya pampu) nyuma ya pampu ya presha. Soma presha ya reli iliyotakiwa na iliyopo. Zikicheza juu na chini zisifuatane, SCV imechoka. Kuing'oa pampu nzima kwa sababu hiyo ni kumtafutia mwenye gari umaskini.

Mama_Probox

Mrejesho: mpira wa PCV umepasuka upande wa chini kwenye upinde, kidole kinaingia. Baada ya kuufunga mpya, sailensa fidia ya muda mfupi ni +1, ya muda mrefu imeshuka hadi +3. Je, kodi nifute au nisubiri?

Sailensa_700

Ifute, dada. Ukifuta, na zile fidia za zamani zinafutika, kompyuta inaanza na ukurasa mweupe. Itembeze siku mbili tatu, isome tena. Ile ya muda mrefu ikipanda kupita +10, kuna tundu la pili. Rudi kwenye hosi ya busta.

Relei_Nyeusi

Wanaokuja kuuliza hapa chini, andikeni: modeli na namba ya injini, imezima baada ya dakika ngapi, ghafla au kwa kufifia, mshale wa mizunguko ulifanyaje, kodi, na zile fidia mbili kwenye sailensa na kwenye 2,500. Anayeandika "gari yangu inazima, msaada" nitamrudisha post ya kwanza.